Mashine Ilisema Amefungua

Mimi ndiye niliyeandika taarifa iliyomfukuzisha kazi mama mmoja wa Mnyambe. Niliiandika vizuri, kwa aya fupi, bila kosa la uchapaji, na nilipoituma nilijiona fundi kweli. Naanza na hilo kwa sababu hapa Masasi watu wananisifia kwamba sina papara na mambo ya watu. Wangeisoma ile taarifa wangenyamaza.

Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa korosho. Mimi nakaa Masasi, lakini mashine kubwa, seva yenyewe, ilikuwa kwenye ofisi yetu ya Newala, kwa kuwa jengo la kule lina kuta nene na hewa ya juu haina joto kama la kwetu bondeni. Ndani ya seva mlikuwa na orodha ya wakulima: jina, kijiji, shamba, idadi ya mikorosho. Jina lako lisipoonekana, hupewi salfa ya kupulizia, na mikorosho isiyopuliziwa wakati wa maua hushikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe, maua yakapukutika yote. Kwa hiyo ile mashine haikuwa pambo.

Nami niliilinda kwa majivuno. Chumba kilikuwa na mlango wa chuma wenye kufuli mbili, na dirisha lina nondo. Seva ilikaa ndani ya raki, kabati la chuma lenye mlango wake na ufunguo wake. Mbele ya seva kulikuwa na bamba lenye kufuli jingine, mtu asichomoe diski. Na chini ya kifuniko cha juu kulikuwa na swichi ndogo kama punje ya choroko, inayobonyezwa na kifuniko chenyewe. Kifuniko kikiinuliwa, swichi inaachia, na mashine inaandika siku, saa na dakika. Haiandiki ni nani. Na kifuniko kikishawahi kuinuliwa, seva ikizimwa na kuwashwa tena, chipu ya usalama iliyomo ndani inagoma kufungua diski mpaka ipewe namba ndefu ya siri, ambayo niliiweka Masasi ndani ya bahasha iliyofungwa. Kila nilipopata mgeni wa kumtembeza, hiyo swichi niliiacha nimweleze mwisho, kama mtu anayeficha nyama chini ya wali.

Ufunguo wa raki, nao, niliubandika kwa utepe wa gundi nyuma ya raki hiyo hiyo, maana nilichoka kuusahau Masasi. Aliyejua ulipo ni mimi na mtunza stoo tu. Nilimwambia mwenyewe.

Mtunza stoo alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, tuliyemwita Mama Stoo. Majirani zake walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, lakini ofisini hata meneja alisema Mama Stoo. Alikuwa mkali wa daftari kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Hata waya wa kuongezea umeme hukuondoka nao bila saini, na ukisaini ovyo alikurudisha. Mimi alinitania kwamba watu wa bondeni tunakuja Newala na makoti kama tunahama. Nilimpenda. Nalisema hili sasa, ingawa wakati ule halikunisaidia kitu.

Mwaka ule salfa ilifika nyingi na stoo kuu paa lake lilikuwa linavuja. Meneja akanipigia simu Masasi kuuliza kama mifuko ingeweza kuwekwa kwenye chumba cha mashine, kwa sababu ndicho chumba pekee ambacho mwizi angekiogopa. Msimu wa maua salfa huibwa kuliko kuku. Nikamwambia ni wazo zuri, ila mifuko isizibe feni. Nilikuwa nakula wakati tunazungumza, na nakumbuka niliendelea kula. Kufuli la pili la mlango lilikuwa la meneja, lakini wiki ya kwanza tu alichoka kuitwa kila mkulima anapofika, akampa Mama Stoo funguo zote mbili.

Umeme wa Newala ukakatika siku moja asubuhi, mwezi wa saba, na uliporudi seva ikagoma kuwaka. Nilipanda na bahasha yangu. Kuanzia Chiungutwa kwenda juu kulikuwa na ukungu, nami njia nzima nilikuwa nawaza ni kitu gani hasa kimeifanya idai namba ya siri. Umeme kukatika peke yake hakuifanyi hivyo. Nilipofika, uwanja wa ofisi ulikuwa umejaa baiskeli na pikipiki, na wakulima wamekaa wakinisubiri. Mmoja alinionyesha kitawi cha maua, cheupe tayari. Alinishikisha mkononi.

Niliingiza namba, seva ikawaka, watu wakaanza kuhudumiwa. Ndipo nikafungua kumbukumbu za ulinzi kutafuta sababu. Nilisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kifuniko kimefunguliwa. Kifuniko kimefunguliwa. Mara kumi na moja katika wiki tatu, zote mchana, saa za kazi. Nilikaa sakafuni kati ya mifuko ya salfa. Mimi sikuwa nimefika Newala tangu mwezi wa tano.

Nilifungua raki na kifuniko nikahesabu diski. Sita zote zilikuwepo. Kulikuwa na vumbi la manjano ndani, nikalifuta kwa kitambaa bila kulifikiria, maana msimu ule kila kitu Newala kina vumbi la manjano, hata kola za mashati. Kwamba hakuna kilichoibwa halikunipa shaka hata kidogo. Nilisema moyoni kuwa alikuwa bado anajaribu.

Nasema alikuwa, kwa sababu nilikuwa nimeshapata mtu. Nilimwomba Mama Stoo daftari lake la kutolea salfa, lile lile alilolitunza kwa ukali, nikaweka tarehe na saa zake pembeni ya zile za mashine. Zililingana. Katoa mifuko minne ya watu wa kijiji fulani saa nne na dakika kumi; mashine imeandika saa nne na dakika kumi na mbili. Zote kumi na moja hivyo hivyo. Sikuwahi kuona ushahidi umenyooka namna ile, na mkosaji kauandika mwenyewe kwa kalamu yake.

Nilimwita mbele ya meneja. Niliuliza kwa adabu, nikianza na shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida. Alipoelewa nauliza nini alitutazama mmoja mmoja.

“Mimi hata hicho kifuniko sijui kinafunguliwa upande gani,” alisema.

Nikamwonyesha mistari kumi na moja kwenye skrini. Nikamweleza kile kiswichi kwa utaratibu, kama nilivyowaeleza wageni. Nilimwambia mashine haina ugomvi na mtu, haina ndugu, haina kabila, inaandika kinachotokea. Nilitamka maneno hayo kwa kinywa changu. Alisogea karibu na skrini, akasoma mistari yote kumi na moja kwa kidole, akarudia kuisoma, kisha akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ofisini kwa meneja. Hakusema kitu tena siku ile. Ukimya wake nikauhesabu kuwa jibu.

Kanuni ya chama ilikuwa wazi: anayefungua seva bila kibali cha maandishi hana kazi. Niliandika taarifa yangu usiku huo huo… hapana, nisijisingizie haraka. Niliiandika kesho yake asubuhi, nimelala vizuri na kunywa chai. Alisimamishwa. Wiki mbili baadaye meneja akaniambia kwa simu kwamba suala la Mama Stoo limekwisha, ameondolewa, na nikamjibu kwamba inasikitisha, mtu wa miaka yote ile. Kisha tukazungumzia kiyoyozi cha chumba cha mashine, ambacho kilikuwa kimetoboka bomba lake la shaba na hakipoozi tena. Nilisema vitu vya siku hizi havidumu.

Mwezi wa tisa seva ikafa kabisa. Tuliishusha Masasi kwa gari dogo, nikaiweka kwenye meza ya karakana yetu, karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa kutosha. Nilipoinua kifuniko nilidhani kwanza imeungua. Kila palipokuwa na shaba au fedha palikuwa peusi. Miguu ya vipande vidogo ilikuwa imeota vijinywele vyeusi, vimetambaa kutoka kipande kimoja hadi kingine na kuviunganisha. Niligusa kijinywele kimoja kwa ncha ya bisibisi kikavunjika kama masizi. Nilipiga simu kwa mwalimu wangu wa zamani wa ufundi, nikamwelezea rangi. Akaniuliza kama karibu na mashine kuna kitu chenye salfa. Nikacheka kidogo, kwa woga, nikamwambia iko ndani ya mifuko ya salfa. Kisha akaniambia salfa na joto ni adui wa fedha na shaba, huvila na kuvigeuza vyeusi, na kwamba hilo analijua kila mtu. Mimi sikulijua.

Hapo nilikuwa nimeshtuka, lakini nilikuwa bado sijapigwa. Ndani ya seva kuna kompyuta ndogo ya ulinzi ambayo hubaki macho hata seva yenyewe ikiwa imezimika, ili mradi ipate umeme. Hiyo ilikuwa bado inapumua. Nilirudisha kifuniko, nikakibana, nikachomeka waya ili niokoe kumbukumbu kabla nayo haijafa. Nilikuwa nimeshika begi langu la vifaa mkono wa kushoto, ni zito, nikalibwaga mezani kando ya seva.

Kwenye skrini ukaongezeka mstari. Kifuniko kimefunguliwa.

Niliangalia kifuniko. Kilikuwa kimefungwa, vidole vyangu viko mbali nacho, sina mtu mwingine karakanani. Nikaliinua begi nikalibwaga tena. Mashine haikuandika. Nikabwaga mara ya tatu, ikaandika: kifuniko kimefunguliwa, siku ile, dakika ile, bila mkono wa mtu. Niliitoa ile swichi kwa koleo. Vile vibati viwili vya ndani vinavyogusana, vyembamba vyenye ngozi ya fedha, vilikuwa vimepakwa weusi, vinashikana kwa bahati tu. Mtikisiko wowote uliviachanisha, na mashine ikaamini kuwa imefunguliwa.

Mfuko mmoja wa salfa una kilo ishirini na tano. Mama Stoo alikuwa anaivuta mifuko hiyo kutoka juu ya lundo na kuibwaga sakafuni kando ya raki, na kila alipobwaga, aliandika kwenye daftari lake.

Nilimpigia meneja nikiwa hata sijakaa. Nilimweleza yote. Nilimwambia arudishwe kazini leo leo, taarifa yangu ifutwe, nitakuja mwenyewe kusema mbele ya wote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kuna kitu sikijui, niende nikakione.

Kesho yake, ofisini Newala, alitoa karatasi kwenye faili. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa zile herufi zilizosimama wima nilizozijua kutoka kwenye daftari la stoo. Mama Stoo alikuwa ameileta mwenyewe, siku tisa baada ya kusimamishwa, bila kuitwa. Aliandika kwamba ni kweli alifungua mashine, mara kumi na moja, kwamba hajui shetani gani alimwingia, na anaomba chama kimsamehe ingawa hastahili kurudi. Chini aliweka saini na dole gumba.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilimuuliza meneja kama alimlazimisha, nikamuuliza vibaya, kwa sauti ya kumkosea adabu, na yeye hakukasirika. Aliapa kwamba hakumgusa wala kumtisha. Alisema hata yeye alishangaa, lakini mtu akishakiri utafanya nini. Nilitaka kumpigia meza. Baadaye nikakumbuka kwamba hasira ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Nilikodi bodaboda mpaka kwake Mnyambe, nina barua ya kumrudisha kazini, ambayo meneja alikubali kuisaini, mfukoni na ile swichi kwenye kiboksi cha kiberiti. Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, anafagia chini ya mikorosho ili korosho zitakapoanza kuanguka zionekane. Alikonda. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba, akaweka ufagio chini, akanitafutia kigoda na kikombe cha maji, maji yenyewe ya kununua kwa ndoo kule. Niliyanywa yote kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Kisha nikamweleza. Nilirudia mara mbili, polepole. Nilimfungulia kiboksi nikamwonyesha vile vibati. Aliviangalia bila kuvigusa, halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akavua pete yake ya fedha, ya ndoa, akaiweka kiganjani kwangu. Ilikuwa nyeusi tii.

Aliniambia ilianza kubadilika wakati wa mgao wa salfa, na hakujali, alidhani ni uchafu wa kazi. Nilipomwonyesha ile mistari kumi na moja akaikumbuka pete. Akajiambia kwamba kumbe kuna kitu kimemwingia, kinaitumia mikono yake na yeye hana habari, na fedha imekijua kabla yake. Alikaa na wazo hilo siku tisa. Hakuwa analala. Alikuwa anarudia kichwani kila mfuko alioutoa, kila saa, akitafuta pale alipofungua.

“Na nilipapata, mwanangu,” alisema. “Nakumbuka navuta kile kifuniko. Nakumbuka baridi yake hapa kwenye vidole. Sikuandika uongo kwenye ile karatasi. Niliandika ninachokumbuka.”

Nilikuwa nimekuja kumwambia mtu mwenye haki kwamba ana haki, nikamkuta mtu mwenye kumbukumbu ya kosa, na kumbukumbu yenyewe nimempa mimi, kwa ule ufafanuzi wangu wa utaratibu, kifuniko kinainuliwa hivi, swichi inaachia hivi. Nilichota majivu jikoni kwake, nikaisugua pete kwa kipande cha kitambaa chenye maji, mbele yake, kwa nguvu, hadi mng'ao wa fedha ukaanza kutokea upande mmoja. Nilimwambia unaona, ni salfa tu, ni ile ile iliyokula swichi. Aliitikia kwa kichwa kuwa anaona. Hakuichukua.

Nilimpa barua. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, namna ile ile aliyosoma skrini. Akaikunja vizuri akanirudishia. Nilimwambia tena kwamba hakufungua, kwamba naweza kuapa popote atakapo, kwamba mashine ilikosea na mimi nilikosea zaidi ya mashine. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Alinitazama usoni muda mrefu, kwa makini, kama anayetafuta palipofichwa kitu.

“Kwa hiyo wewe umeshaamini kwamba sikufungua,” aliniuliza.

Nikamwambia naamini, kabisa, sina chembe ya shaka.

Akainama akauokota ufagio wake.

“Mimi bado,” alisema, na akaendelea kufagia.